Shavu la Kushoto

Matroni alikuwa akitunusa langoni. Sisemi kwa mfano. Unafika Jumapili na kikapu chako, umetoka Siakago asubuhi, umepanda hadi Kibugu masikio yameziba kwa baridi, unamkuta amesimama kwenye lango dogo la kando na sweta lake la rangi ya majivu, na kabla hujamaliza kusema Bwana asifiwe pua yake imeshaingia kikapuni. Ndizi alizinusa. Thamosi ya uji aliifungua akainusa. Mwanaume alinuswa mpaka koti. Akiridhika alisema "ingia" na kukupisha. Asiporidhika hakusema kitu, aligeuza uso tu kuelekea majani chai, na wewe unabaki pale kama mwizi wa kuku.

Alichokuwa akitafuta ni muguka. Sisi tunaotoka Mbeere, machoni pake, tulikuwa watu wa muguka kwanza na watu wa Mungu baadaye, kama nafasi imebaki. Na ni kweli tunaulima. Ni ndugu ya miraa, majani machanga, unayachuma asubuhi, unayatafuna polepole, na yale yaliyotafunwa unayahifadhi upande mmoja wa mdomo, shavu linatuna, unaendelea na kazi zako. Kule kwetu shavu lililotuna halimshangazi mtu. Mlinzi analo, fundi analo, mzee wa nyumba kumi analo. Mimi mwenyewe nilisomeshwa na muguka wa baba yangu, na cherehani ninayoshonea sare za shule leo ilitoka kwenye mashina hayo hayo. Kwa hiyo mtu akiunusa mkoba wangu kana kwamba nimebeba dhambi, huwa sisahau upesi.

Nyumba aliyoisimamia ilikuwa ya wazee, imejengwa katikati ya majani chai, msitu wa mlima ukiwa juu yake tu. Wengi wa waliokaa mle ni wale ambao akili imeanza kuwaacha. Mmoja alimuuliza kila mgeni kama amemwona mama yake. Mwingine alikunja leso na kuikunjua mpaka leso ikaisha. Baba tulimpeleka huko baada ya kupotea mara kadhaa, na mara ya mwisho aliokotwa na wachunga mbuzi karibu na mto, jua la saa nane likimchoma, kiatu mguu mmoja.

Mdogo wangu Njiru ndiye aliyekuwa akiishi naye pale Ishiara, na hakutaka kabisa. "Mtu wa joto unampeleka kwa barafu," aliniambia. "Vava atamalizwa na baridi kabla ya huo ugonjwa." Vava ndivyo tunavyomwita baba kwetu. Lakini Njiru ana shamba, na muguka huchumwa kila siku ya Mungu. Hawezi kuchuma na huku anamshika mkono mtu anayetoka kila ukigeuka. Basi tukampeleka, Njiru akiwa amenuna njia nzima.

Siku hiyo Matroni alimtazama baba kuanzia kofia hadi viatu, kisha akaniuliza mimi, "Anatafuna?"

"Zamani," nikasema.

"Hiyo kitu haina zamani. Iko ama haiko."

Hakumsalimia. Alimchukua mkono, akamvua kofia, akaigeuza ndani nje.

Alikuwa mama mfupi, mweusi, mwenye mikono mipana na kucha zilizokatwa mpaka karibu na nyama. Alivaa raba za kanisani zilizozeeka ambazo hazikutoa sauti, hivyo ungekuwa unamnong'oneza baba jambo la nyumbani, ukigeuka unamkuta nyuma yako amesimama, anangoja umalize ili akukosoe. Mgeni akilia alimwambia, "Machozi peleka nje, hapa tunapika." Biskuti ulizomletea mzazi wako alizichukua na kuzigawa, kila mzee nusu, na baba yako alipata nusu kama wengine. Ukilalamika anakuuliza kama yule asiyetembelewa na mtu ana mdomo wa mbao.

Usafi wake siwezi kuukana, ingawa ningependa. Wazee aliwaogesha kwa mikono yake, aliwageuza kitandani yeye mwenyewe, na katika nyumba ile hukukuta kidonda cha kulalia hata kimoja. Sakafu iling'aa mpaka nikawa navua viatu bila kuambiwa, kisha najichukia. Bibi mmoja asiye na mtu alipokufa, Matroni alivua lile sweta la majivu akamvisha marehemu, bibi akazikwa nalo. Jumapili iliyofuata tulimkuta langoni amejifunga shuka, ananusa vikapu na meno yanagongana. Mtu wa namna hiyo utamchukia vipi kwa amani? Anakuharibia.

Sasa njoo kwenye dirisha la ofisi yake. Pale kulikuwa na glasi kubwa mbili zimejaa miswaki, kila mmoja umefungwa plasta yenye jina. Mgeni yeyote, awe mchungaji, awe mtu wa serikali, alipelekwa kwanza pale. "Kila mzee na wake," Matroni alisema, na wageni wakatikisa kichwa kwa furaha. Mimi nilitazama miswaki ile Jumapili nyingi kabla ya kujiuliza jambo la wazi. Ilikuwa imesimama wima, nywele zake zimenyooka, mikavu kama kuni. Mzee amekaa pale miaka na mswaki wake bado ni bikira.

Nilimuuliza. Hakukasirika, na hilo lilinishangaza. Alinijibu kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto adabu.

"Mama Wanja, wewe unaweza kuingia chumba cha kulala cha baba yako?"

"Hapana."

"Mdomo wa mtu mzima ni chumba chake. Ataingia mwenyewe."

Kwa mila tulizolelewa nazo binti hana neno hapo. Na kweli hakuna aliyeingia. Baada ya chakula vikombe vya maji vilipitishwa. Waliokumbuka wakasukutua, waliosahau wakameza. Hakuna aliyewatazama ndani.

Vivyo hivyo kwa chakula. Aliwapikia githeri ya maharagwe na mahindi makavu, yale yanayopigana na meno ya kijana, na mboga ya kabichi au majani ya sukuma wiki. Kawira, mpishi wake, msichana aliyetoka kwao Meru, aliniambia aliwahi kuomba ruhusa awapondee wale wasioweza kutafuna. Matroni alimwambia pale si chekechea. Usidhani ni uchoyo. Aliamini kwamba kumponda mzee chakula ni kumvua nguo. "Mzee hadekezwi," alipenda kusema, "mzee anaheshimiwa." Heshima hiyo ilikaa kwenye sahani ikapoa.

Wakati wa kula alisimama katikati ya meza akaimba, maana alisema wimbo unafungua tumbo. Sauti yake ilikuwa nzuri, nasema kwa uchungu. Ilikuwa nzito na laini, na wazee waliosahau majina ya watoto wao waliokota beti pamoja naye bila kukosea. Tatizo ni kwamba wimbo ulipokwisha, sahani zilikusanywa. Mzee wa kula haraka alishiba. Baba yangu, ambaye hata akiwa mzima alikula kama mtu anayefikiria jambo, alibaki na kijiko hewani.

Chuki yake kwa majani alinieleza mara moja tu, akipangusa meza, bila kuniangalia. Kwao ni kule miraa inakotoka, huko juu Meru. "Bwana yangu alitafuna shamba," alisema. "Akatafuna ng'ombe. Akaketi kwa kiti akitafuna mpaka watoto wakamwogopa. Sasa yuko huko mjini Maua anaokota vile wengine wametupa chini." Halafu akasema, "Toa kiwiko nipanguse." Nilimwonea huruma pale mezani, na huruma hiyo ilinifikisha mpaka langoni, hapo ikaisha.

Shavu la baba lilianza kutuna miezi michache baada ya kuingia mle. La kushoto. Siku nyingine lilikuwa kubwa, siku nyingine dogo, lakini halikurudi chini. Wakati huohuo akaanza kukonda. Suruali yake walimfungia kamba. Kijiko kikikaribia aligeuza uso. Ukimgusa upande ule alikupiga kofi, yeye ambaye sisi alitulea bila kutuinulia mkono. Mhudumu mmoja alipigwa mpaka miwani ikaanguka. Baba akawa anakaa kwenye benchi la nje, mkono shavuni, anatingisha mguu, hataki uji, hataki chai, hataki mtu.

Mahali pengine popote mtu akiona hivyo angefikiria jino. Sisi watu wa huku tukiona shavu tunafikiria jani. Matroni alikuwa na hoja zote mkononi, na zilipangana vizuri kuliko ukweli. "Muguka inaua njaa, ndiyo maana hali. Akikosa anakasirika, ndiyo maana anapiga watu. Na shavu? Wewe ni mtu wa Mbeere, niambie wewe, shavu kama hilo ni la nini?" Nilijua tu kwamba pua yake ilikuwa langoni kila Jumapili, na kama ni kupita, jani lilipita wapi?

Alimpekua. Mifuko, soksi, mkunjo wa kofia, godoro liligeuzwa. Hakupata kitu. Mtu mwingine angesema basi nimekosea. Yeye alisema basi ni wajanja kuliko nilivyodhani. Na mjanja angekuwa nani kama si mwana mwenye shamba la muguka?

Njiru alifika Jumapili hiyo na mapapai mawili na unga wa mawele, kwa sababu baba alipenda uji wa mawele tangu zamani. Wageni walikuwa wengi, wengine ni watu wa kwetu. Matroni alimsimamisha langoni akaongea kwa sauti ile ya kuimbia.

"Wewe hutaingia hapa tena. Unamuua mzee wako na mkono wako mwenyewe, na unamuua na majani."

"Mimi sijamletea," Njiru alisema.

"Shavu lake linasema."

Ndugu yangu ana mvi ndevuni. Ana watoto wa sekondari. Aliweka unga chini kando ya lango, akaweka na mapapai, akageuka akashuka barabara ya majani chai kwa miguu. Mimi nilikuwa ndani tayari, nikaona mgongo wake tu.

Habari ilifika Ishiara kabla yake. Soko lina midomo. Mtu akija kununua kwake alimtania, "Njiru, mzee umemtumia kilo ngapi leo?" na wengine wakacheka, na kile kicheko cha mara ya kwanza kikawa mazoea. Kanisani wakaacha kumwita aombe. Shangazi yetu, dada ya baba, alimwambia wazi kwamba siku ya kumzika baba asishike koleo. Njiru alikuja kwangu Siakago akakaa kwenye stuli ya wateja. "Dada, sijawahi kumpelekea Vava hata jani moja. Nifanye nini, nipasue kifua waone?" Nilimwamini. Lakini kuamini kwangu hakukumfungulia lango, wala hakukumnyamazisha mtu sokoni. Nami kumtoa baba pale sikuweza; ningempeleka wapi, na nani amfungie mlango asitoke?

Nilimwambia Matroni kwamba amemchafua mtu bila ushahidi. Akasema ushahidi atanipa.

Alinipa Jumapili, baada ya ibada, watu wote wakiwa kwenye chumba cha kulia wakingoja chai. Alitoka ofisini amevaa glavu mkono mmoja. "Leo mtaona," alisema, "ili msiseme Matroni ni mbaya." Akaenda moja kwa moja hadi kwa baba. Yule aliyesema mdomo wa mtu mzima ni chumba chake cha kulala, aliingia chumba hicho mbele ya mkutano. Alimshika kidevu. Baba akaanza kulia, kilio cha mdomo wazi, na hapo akaingiza kidole nyuma ya shavu la kushoto, akakivuta kama mtu anayezibua mfereji.

Kilitoka kitonge cha kijani, kimelowa, kimeshikana. Watu wakaguna. Matroni alikiinua juu.

"Hii ni nini?"

Nyuma mtu mmoja akasema taratibu, "Ni muguka." Na mimi, Mungu anisamehe, kwa kitambo kidogo moyo ulinishuka, kwa sababu kilifanana.

Lakini harufu haikuwa ya muguka. Nimekulia ndani ya harufu ya muguka. Hii ilikuwa ya kitu kilichooza. Nilisogea nikashika mkono wake wenye glavu, nikaugeuza. Kulikuwa na maganda ya maharagwe. Kulikuwa na ganda la hindi, jeupe, zima. Na yale majani yalikuwa na mishipa mipana.

Kawira alikuwa amesimama na birika la chai. Alisema bila kupaza sauti, kwa uoga, "Matroni, hiyo ni sukuma yetu. Ni ile ya Ijumaa. Tangu Ijumaa tumepika kabichi."

Chakula cha jikoni kwake kilikuwa kimekaa shavuni kwa baba tangu Ijumaa, juu ya kingine kilichotangulia, kwa sababu alisahau jinsi ya kukimeza na hakuna aliyeangalia kama kimeshuka. Nyuma ya kitonge ilifuata damu na usaha. Nikamfungua mdomo mwenyewe, mila au si mila. Ufizi ulikuwa umevimba, mwekundu, na ndani kulikuwa na mizizi ya meno mawili yaliyovunjika ikichoma nyama ya shavu. Baba alinishika kifundo cha mkono. Alikuwa hajasema neno la maana kwa wiki nyingi. "Panauma," akasema.

Na Matroni alifanya nini? Alikifunga kile kitonge kwenye karatasi, akakitia mfukoni mwa aproni, akawageukia wageni. "Chai iko tayari," akasema.

Sikumtukana. Nilitaka, lakini baba alikuwa amenishika mkono ule ambao ningemnyooshea kidole.

Aliandamana nasi hospitali Embu. Hakuombwa. Alikaa kiti cha nyuma, akakiweka kichwa cha baba mapajani mwake barabara nzima. Daktari wa meno aling'oa ile mizizi, baba ameshikwa kichwa na Matroni, ambaye alimwimbia chinichini mpaka ikaisha. Kisha daktari akatueleza: chakula kipondwe kiwe laini, mzee aketi wima, apewe kidogo kidogo, umngoje ameze kabla ya kijiko kingine, baada ya kila mlo mdomo uangaliwe, mashavu yote mawili, upigwe mswaki laini asubuhi na jioni. Na mtu wa namna hii akikataa kula au akigeuka mkali ghafla, waanze kwa kuangalia mdomo, kwa sababu hawezi kusema panapouma.

"Najua," Matroni akasema.

Hakujua. Kama alijua ningemshtaki kwa Mungu, na kama angekiri hakujua ningemsamehe nusu. Yeye akachagua kusema najua.

Nyumba ilibadilika, na hilo pia nalisema kwa uchungu. Kawira alipewa kinu. Wimbo uliendelea lakini sahani hazikuondolewa tena wimbo ukiisha, walirudia beti. Miswaki ilitoka dirishani na nywele zake zikaanza kupinda. Matroni alijifunga tochi ndogo shingoni kwa kamba ya kiatu, na baada ya chakula alipita meza kwa meza akiwaamuru wazee waseme "aaa", kwa ukali uleule aliotunusia. Baba akaanza kula. Viazi na ndizi zilizopondwa, uji wa mawele, maharagwe yaliyosagwa. Mashavu yakarudi kulingana.

Ila Njiru. Nilimwambia Matroni ofisini mwake, "Ulimfukuza ndugu yangu mbele ya watu."

"Lango liko wazi. Aje."

"Lango si neno."

"Mama Wanja, mimi nina wazee wa kulisha."

Nikampelekea Njiru habari, na Njiru akakataa. "Niende kama nani? Kama yule aliyehurumiwa? Watu waliskia akinifukuza, hakuna aliyeskia akinirudisha." Sokoni bado walimtania. Hadithi ya sukuma ilifika Ishiara, lakini ilifika imechelewa na imechoka, na watu walipenda ile ya kwanza. Huku nyuma, baba, aliyekuwa sasa na nguvu ya kuongea kidogo, alikuwa akimwita. Mwanaume yeyote akiingia chumbani alimwita Njiru. Nilikaa naye nikimlisha, naye anachungulia mlango juu ya bega langu. Kwa hili nilimchukia Matroni kuliko kwa jino. Jino hakuliona. Hili alikuwa analiona kila siku na tochi yake shingoni.

Mara ya mwisho nilipokabiliana na Matroni haikuwa Kibugu. Nilikuwa Ishiara kwa Njiru, nimeenda kuwapima watoto wake sare, jua limesimama utosini. Njiru na wanaume wa jirani walikuwa kivulini wakichambua muguka juu ya gunia, wakitafuna na kutaniana. Bodaboda ikaingia uani. Nyuma yake, amekaa upande, amejaa vumbi mpaka kope, amevaa sweta la majivu jipya kwenye joto lile, alikuwa Matroni. Mapajani ameshika furushi la majani ya mgomba lililofungwa kwa kamba za mgomba, nadhifu, kama mtoto aliyevishwa.

Wanaume waliacha kutafuna. Kila mtu huku anajua maana yake. Kwa Wameru, mtu akileta fungu la miraa limefungwa hivyo, ameleta neno. Ameomba binti, au ameomba radhi. Ukilifungua umekubali. Ukiliacha limefungwa, atarudi nalo.

Alishuka, akanyoosha sketi. Akatazama lile rundo la muguka kwenye gunia, na nikaona pua yake ikicheza. Kisha akaliweka furushi chini mbele ya Njiru.

"Nilikufukuza mbele ya watu," alisema kwa ile sauti ya kuimbia. "Nimekuja mbele ya watu. Hukuleta jani. Ilikuwa ni chakula changu." Akaligusa furushi kwa kidole. "Hii hubebwa na mwanaume. Wangu hawezi, kwa hivyo nimebeba mwenyewe."

Mimi nilikuwa mlangoni na futi yangu ya kupimia shingoni, na moyoni nilikuwa namwambia, liache. Liache hivyo hivyo. Arudi nalo kwenye bodaboda, kilima chote, watu wakimwona.

"Vava anasema nini?" Njiru akauliza.

"Anakuita. Anaita kila mtu wewe. Juzi ameita mbwa wa jirani Njiru."

Ndugu yangu akachukua kisu cha kuchambulia, akakata kamba. Niliuma meno. Akafunua majani ya mgomba, miraa ikaonekana, mibichi, myekundu. Alichomoa kijiti kimoja. Hakukitia mdomoni. Akamnyooshea yeye.

Sijui kama ilikuwa mila au ilikuwa kisasi, na Njiru mpaka leo hataki kuniambia. Kila mtu alingoja. Matroni alikitazama kile kijiti muda mrefu. Nilifikiri juu ya yule bwana wa Maua, na nadhani yeye pia. Kisha akakipokea, akakichuna kwa meno ya mbele, akatafuna. Uso ulimkunjamana. Akaendelea kutafuna. Aliyatunza yaliyotafunwa upande mmoja, kama alivyoona watu wakifanya maisha yake yote, na shavu lake la kushoto likatuna, pale mbele ya wanaume wa Ishiara.

Hakuna aliyecheka, hata wale wa kutania.

"Ni chungu," akasema.

"Ndiyo," Njiru akasema.

"Kesho uje saa ya chakula cha mchana. Unawe mikono. Umlishe wewe, atakula zaidi. Ukimaliza umwangalie shavu, la kushoto kwanza." Halafu akanigeukia mimi, kana kwamba mimi ni wa jikoni kwake. "Mama Wanja, niletee maji nisukutue."

Nilimletea. Nilichagua kile kikombe chenye ufa. Alitema kando ya ua, akasukutua mara mbili tatu, akapangusa mdomo kwa ukingo wa sweta. Kisha akakiinua kikombe hadi puani.

"Hiki hakijaoshwa vizuri," akasema.

Nilikuwa na jibu lake. Nilikuwa nimelibeba muda mrefu, na lilikuwa refu. Lakini Njiru alikuwa ameshainuka, yuko ndani, anamuuliza mkewe viatu vyake vya Jumapili viko wapi.